Mistari miwili myeusi nyuma ya stempu za Uingereza: ni uchafu, au ni kazi ya posta?

BintiMakorora, Tanga

Ndugu zangu wapenzi wa stempu, salamu kwenu nyote. Naomba msaada juu ya jambo ambalo limenishughulisha kwa wiki mbili sasa.

Marehemu baba yangu alikuwa na mdogo wake aliyekuwa baharia, na meli yake ilikuwa ikitia nanga Southampton mara kwa mara mwishoni mwa miaka ya 1950. Ami hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuacha kuandika, na kila barua yake iliyofika Tanga baba aliitunza. Baadhi ya stempu alizibandua kwa maji na kuzipanga katika daftari la hesabu, na bahasha nyingine aliziacha kama zilivyo ndani ya bati la biskuti. Sasa daftari na bati vimenifikia mimi.

Juzi nilikuwa ninazihamisha stempu kutoka kwenye daftari, kwa kuwa karatasi yake imeanza kugeuka rangi na kumeguka pembeni, nikakuta kwamba stempu tisa za Malkia Elizabeth, zile ndogo zenye sura yake akiwa kijana, zina mistari miwili myeusi upande wa nyuma, imesimama wima kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Stempu moja tu, ya peni 2, ina mstari mmoja. Mwanzoni nilidhani ni wino ulioingia kutoka kwenye daftari, nikasugua moja kwa pamba yenye maji, lakini mstari haukutoka hata kidogo. Isitoshe, imenyooka mno kuweza kuwa kazi ya mkono wa mtu.

Nikaazima taa ya kukagulia noti kutoka kwa mdogo wangu, ambaye ni wakala wa fedha za simu, nikazimulika stempu zote usiku chumbani. Matokeo yalinichanganya zaidi. Stempu kadhaa za Ujerumani zenye sura ya Rais Heuss ziliwaka kwa rangi ya manjano, karatasi nzima, si mchoro. Bahasha nyeupe za miaka ya baadaye ziliwaka bluu kali hata zikanishtua. Lakini stempu za Uingereza, pamoja na zile za baadaye ambazo muuzaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba zina fosfori, hazikuonyesha chochote.

Maswali yangu ni matatu. Mistari hii ni nini? Kwa nini za Ujerumani ziwake na za Uingereza zisiwake, ikiwa kweli zina fosfori? Na je, nizibandue stempu zilizobaki kwenye bahasha za ami ili nizitazame nyuma?

Mkusanyaji wa Kizingo, Mombasa

Dada yangu, kabla ya wengine hawajakujibu kwa urefu, nakuomba mambo mawili tu: usisugue tena, na usibandue hata bahasha moja. Hiyo mistari imepigwa chapa kiwandani. Wapo wanaoijua historia yake kuliko mimi, nao watakueleza.

Mzee Hamadi, Leicester

Binti yangu, pole kwa msiba wa baba, na hongera kwa kuurithi mzigo uliotunzwa vizuri kiasi hicho. Mimi nilifanya kazi miaka kumi na minne katika kituo cha kuchambua barua hapa Uingereza, na mashine ninazozieleza hapa ni mama na bibi wa zile nilizozisimamia mwenyewe, kwa hiyo naomba uniwie radhi nikirefusha.

Anza na tatizo lenyewe. Gunia la barua likimwagwa mezani, barua zimelala ovyo: nyingine kifudifudi, nyingine kichwa chini. Hata ukizisimamisha zote kwa upande wake mrefu, bado kila barua inaweza kukaa kwa namna nne, kwa maana ya uso mbele au nyuma, na juu au chini. Mashine ya kupiga mhuri inataka namna moja tu, yaani stempu ikae kwenye pembe moja ileile kila mara, ama sivyo mhuri unaangukia mahali pasipo na stempu na mtu anaweza kuitumia stempu hiyo mara ya pili. Kwa miaka mingi kazi ya kuzigeuza barua ilifanywa kwa mikono na watu waliosimama pande mbili za meza ndefu, jioni hadi jioni, kwa sababu barua nyingi hutumwa wakati watu wanatoka kazini, na treni za usiku hazisubiri.

Posta ya Uingereza ilikuwa na kituo chake cha utafiti huko Dollis Hill, kaskazini-magharibi mwa London, na mafundi wake walijiuliza: mashine itaijuaje stempu ilipo, nayo haina macho? Jibu lao la kwanza ndilo hilo ulilonalo mkononi. Walipiga chapa mistari ya grafaiti, kitu kilekile kilichomo ndani ya penseli, nyuma ya stempu. Grafaiti hupitisha umeme, na karatasi kavu haipitishi. Barua ilipopita katikati ya vidole vya chuma vyenye umeme, penye mstari umeme ulipita, na mashine ikajua kwamba stempu iko hapo. Kisha ikaigeuza barua inavyotakiwa na kuipeleka kwenye mhuri.

Stempu hizo zilitolewa tarehe 19 Novemba 1957, na mji uliochaguliwa kwa majaribio ulikuwa Southampton. Ndiyo maana ami yako, baharia aliyenunua stempu zake karibu na bandari, alizipata bila hata kujua, wakati mtu aliyekuwa akiishi Liverpool au Glasgow mwaka uleule alinunua stempu za kawaida zisizo na mstari wowote.

Sasa uitazame ile ya peni 2. Wakati huo barua ya kawaida ya ndani ililipiwa peni 3, na machapisho, yaani magazeti, matangazo na vitu vya namna hiyo, yalilipiwa peni 2. Stempu ya peni 2 ilipewa mstari mmoja na nyingine zote mistari miwili, ili mashine iweze kuyatenga machapisho na kuyaweka kando yasubiri, na barua zitangulie. Kwa hiyo stempu ilikuwa imeanza kuiambia mashine mambo mawili: mimi niko hapa, na mzigo huu ni wa daraja fulani. Wazo hilo la pili ndilo lililodumu kuliko grafaiti yenyewe.

Kuhusu uhalali wa mistari yako, jambo la kulijua ni kwamba ilipigwa chapa kwenye karatasi kabla ya gundi kupakwa. Katika stempu mpya ambayo haijatumika, mistari iko chini ya gundi. Wapo walaghai waliochora mistari kwa kalamu juu ya gundi ili kuuza stempu ya kawaida kwa bei ya ile ya Southampton, na hao hukamatwa kwa kigezo hicho. Zako zimekwisha kuloweshwa na baba, gundi imekwenda, na mistari imebaki palepale; huo ni ushahidi mzuri kwa upande wako. Ukipenda kuendelea, zitazame pia kwa mwanga wa kupenya uone alama ya maji, yaani chapa iliyomo ndani ya karatasi yenyewe: za mwanzo zina taji kubwa la St Edward pamoja na herufi, na kuanzia 1958 yalikuja mataji madogo mengi bila herufi.

Tarehe 18 Novemba 1959, mjini Southampton palepale, zilitolewa stempu zenye vyote viwili, yaani grafaiti nyuma na kanda za fosfori, kitu kinachong'aa kikimulikwa, mbele, ili njia mbili zilinganishwe. Fosfori ilishinda. Mwaka 1960 zilianza kutolewa stempu zenye fosfori peke yake, iliyobakiza mng'ao wa kijani. Mwaka 1961 ikaja ya bluu, na mwaka 1965 ya urujuani. Ukizipata za namna zote nne katika bati moja la biskuti, ami yako alikuandikia historia nzima ya mashine hiyo bila kukusudia.

Swali la taa namwachia mwingine mwenye elimu ya fizikia, ili nisije nikakosea.

Mwalimu Msangi, Morogoro

Shikamoo Mzee Hamadi, na asante kwa maelezo ambayo nimeyasoma mara mbili. Mimi ni mwalimu wa fizikia na nimekuwa nikikusanya stempu tangu nikiwa mwanafunzi, kwa hiyo swali la taa naliona ni la kwangu.

Dada, taa yako si mbovu na stempu zako si mbovu. Miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, iko ya aina zaidi ya moja. Taa za kukagulia noti hutoa mawimbi marefu ya urujuanimno, kwa kawaida karibu na nanomita 365, kwa kuwa nyuzi na wino wa siri wa noti vimetengenezwa viitikie mawimbi hayo. Fosfori za stempu za Uingereza, na za Marekani vilevile, huitikia mawimbi mafupi, nanomita 254. Ukizimulika kwa taa ya wakala ni sawa na kumwita mtu kwa jina lisilo lake. Atakaa kimya, si kwa sababu hayupo.

Za Ujerumani ni habari nyingine. Posta ya Ujerumani Magharibi ilifanya majaribio yake mjini Darmstadt mwaka 1960, na haikuchora ukanda juu ya stempu bali ilichanganya kitu king'aacho, kiitwacho Lumogen, ndani ya karatasi yenyewe. Kwa hiyo stempu nzima huwaka, kama ulivyoona, na huitikia hata mawimbi marefu. Kama miongoni mwa Heuss zako zipo zisizowaka, usishangae. Hizo ni za karatasi ya zamani, na tofauti hiyo ndiyo inayozitenganisha katika orodha za wakusanyaji.

Bahasha zilizowaka bluu nazo zina sababu yake, na sababu hiyo inaeleza kwa nini Waingereza walichagua njia ngumu zaidi. Viwanda vya karatasi huchanganya dawa ya kung'arisha, ndugu wa ile iliyomo katika sabuni za unga inayofanya shati jeupe lionekane jeupe kuliko jeupe. Dawa hiyo hunyonya urujuanimno na kurudisha mwanga wa bluu. Sasa fikiria mashine inayotafuta kitu king'aacho, halafu ipewe bahasha ambayo inang'aa yote: itaona stempu kila mahali. Lakini mng'ao wa dawa hiyo hukatika papo hapo taa inapoondoka, wakati fosfori ya stempu huendelea kung'aa kwa kitambo kifupi, ikiurudisha polepole mwanga iliounyonya. Mashine za Kiingereza zilitumia tofauti hiyo. Barua hupita chini ya taa, kisha hatua ndogo mbele, gizani, hukutana na jicho la umeme. Kufikia hapo bahasha imekwisha kuzimika, na kinachong'aa ni stempu peke yake.

Ukitaka kuuona mng'ao huo mwenyewe, utahitaji taa ya mawimbi mafupi, na hapa nakuomba uwe mwangalifu kwelikweli. Miale hiyo huunguza macho na ngozi, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, mtu alipokwisha kusahau alichokuwa akikifanya. Vaa miwani ya kinga inayofunika pembeni, usiielekeze taa usoni, na usimwachie mtoto. Kaa gizani dakika kadhaa mpaka macho yazoee. Fumba macho, washa taa juu ya stempu kwa sekunde chache, izime, na ufumbue macho wakati uleule unaozima. Mng'ao ni wa haraka; usipoupata mara ya kwanza, rudia. Tena stempu isiwe chini ya kioo, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mawimbi mafupi, nawe utadhani stempu haina kitu.

Ipo pia njia isiyohitaji taa yoyote. Keti karibu na dirisha wakati wa mchana, shika stempu kwa kibano usawa wa jicho, na uiinamishe taratibu mpaka mwanga uteleze juu ya uso wake. Wino wa mchoro utameremeta kidogo, na penye fosfori utaona ukanda uliofifia, usiorudisha mwanga, umesimama wima kama alama ya kitambaa kilichopita juu ya vumbi.

Niongeze neno moja juu ya jina, kwa kuwa wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka. Fosfori hii si fosforasi ya kiberiti, wala haina sumu ya namna ile, wala haitoi mionzi ya nyuklia. Jina linatokana na Kigiriki, mbeba nuru, na hutumika kwa kitu chochote kinachonyonya nishati na kuirudisha kama mwanga. Stempu za Marekani, kwa mfano, zilitumia silikati ya zinki iliyotiwa manganizi kidogo, ambayo hung'aa kijani kibichi chenye umanjano. Wamarekani walianza tarehe 1 Agosti 1963 mjini Dayton, Ohio, kwa stempu ya ndege ya senti 8, na stempu za barua za ndege walizipa fosfori yao ya pekee, yenye mng'ao mwekundu wa machungwa, ili mashine izitenge na barua za kawaida kwa rangi. Ukiwa na bahasha za Marekani za miaka hiyo, ndizo rahisi kuliko zote kujifunzia.

BintiMakorora, Tanga

Mzee Hamadi, shikamoo. Mwalimu, asante sana. Leo saa nne asubuhi nimekaa dirishani na kibano cha nyusi, maana cha stempu sina, nikafanya kama ulivyoagiza. Kwenye stempu ya peni 3 ya zambarau sikuona kitu. Kwenye nyingine iliyofanana nayo kabisa kwa rangi na mchoro, nimeona kanda mbili, moja kila upande, na katikati uso wa Malkia unameremeta. Niliziweka pamoja mara nyingi nikidhani ni stempu moja iliyojirudia. Nilikuwa karibu kumpa jirani yangu mojawapo.

Nina jambo jingine. Ndani ya bati zimo bahasha za miaka ya 1970 na 1980, ambazo alituma binti wa ami aliyebaki Uingereza. Kwenye uso wa nyingi kuna safu mbili za vidoti vidogo vya bluu hafifu, vimekatiza juu ya anwani kana kwamba mtu amepitisha gurudumu la cherehani. Je, hivi navyo ni vya jamaa hii?

Mzee Hamadi, Leicester

Marahaba binti yangu. Umenifurahisha kwa swali hilo, kwa maana vidoti hivyo nimevitazama usiku mwingi kuliko nilivyoitazama televisheni.

Naam, ni jamaa moja. Stempu iliiambia mashine uso wa barua uko wapi, lakini haikuiambia barua inakwenda wapi. Kwa kazi hiyo zilitungwa namba za posta za herufi na tarakimu, zilizojaribiwa Norwich kuanzia 1959 na kuenea nchi nzima kufikia 1974. Mfanyakazi aliketi mbele ya kibodi, barua ikasimama mbele yake kwa sekunde chache, akaisoma namba ya posta na kuipiga, na mashine ikaitafsiri kuwa vidoti vya fosfori juu ya bahasha. Kuanzia hapo barua haikuhitaji kusomwa tena na mtu. Kila mashine iliyofuata ilivimulika vidoti, ikausoma mng'ao wake, na kuitupa barua katika kisanduku kinachostahili. Kwa barua zilizokuwa zikienda nje vilitumika kuitenga njia yake ndani ya Uingereza. Usivifute kwa kudhani ni uchafu. Bahasha yenye vidoti vilivyosimama vizuri inastahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vidoti hivyo, hata kama stempu yake ni ya kawaida kabisa.

Tukirudi kwenye stempu, lile wazo la mstari mmoja na miwili lilikuja kukomaa tarehe 16 Septemba 1968, posta ilipozigawa barua kwa haraka badala ya kilichomo ndani. Daraja la kwanza lilikuwa peni 5, na stempu yake ilikuwa na kanda mbili; la pili peni 4, na stempu yake ilipewa ukanda mmoja katikati. Mtu dukani aliona rangi mbili za Malkia yule wa Arnold Machin, mchongaji aliyeitengeneza sura ya stempu hizo, lakini mashine haikujali rangi. Iliona kanda mbili ikaipeleka barua kwenye treni ya usiku, ikaona ukanda mmoja ikaiweka kando hadi asubuhi. Nimewahi kuona rundo zima la barua za daraja la kwanza likiachwa kwa sababu kanda zilikosekana kiwandani, na aliyeligundua alikuwa mfanyakazi mmoja mzoefu aliyeshangaa kwa nini kisanduku cha barua zilizokataliwa kimejaa mapema. Stempu za namna hiyo, zilizokosa fosfori kwa makosa, ndizo leo watu wanazitafuta.

Siku hizi mashine zina kamera na zinasoma hata mwandiko mbaya. Tangu 2022 stempu za kawaida za Uingereza zimeongezewa msimbopau pembeni, na za zamani zisizo nao, zile za Machin za kila siku, zilikoma kutumika baada ya tarehe 31 Julai 2023. Lakini hata hizo mpya, iinamishe moja dirishani kama ulivyofanya leo, utaikuta fosfori ingali ipo.

Mama Zawadi, Toronto

Salamu zenu. Ninaingia kwa suala la kuhifadhi tu, kwa kuwa limeniumiza mimi mwenyewe na sitaki limpate binti huyu.

Kanada ilianza majaribio yake Winnipeg mwaka 1962, na hizo hazina tatizo. Tatizo ni za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilizopakwa kemikali iitwayo OP-4 pembeni mwa stempu. Kemikali hiyo haitulii. Huhama kutoka kwenye stempu na kuingia katika kitu chochote inachogusana nacho: ukurasa wa albamu, bahasha, na stempu ya jirani. Baadaye ilibadilishwa ikawekwa OP-2, ambayo hukaa mahali pake, lakini za mwanzo zilikuwa zimekwisha kusambaa.

Mimi nilinunua albamu nzima kutoka kwa muuzaji ambaye hakunieleza lolote, nikapanga ndani yake stempu za nchi nyingine pamoja na hizo za Kanada. Baada ya miaka sita nilizimulika. Kurasa zilikuwa na vivuli vya mistari inayong'aa, kila stempu imeacha picha ya pembe zake kwenye ukurasa wa mbele yake, na stempu zangu za Zanzibar, ambazo hazikuwahi kupakwa fosfori na mtu yeyote, nazo zikawaka pembeni kama za Kanada. Hakuna njia ninayoijua ya kuzisafisha. Mtu akiziona leo atadhani nimezighushi.

Kwa hiyo, binti, kama katika bati lako zimo stempu za Kanada za miaka hiyo, zitenge kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kila moja katika kifuko chake, na usizirudishe katika albamu moja na za Southampton. Na bati lenyewe, kama lina kutu ndani, liage.

Mkusanyaji wa Kizingo, Mombasa

Nirudie jibu la swali lake la tatu, maana tumelizunguka. Bahasha za ami zenye mhuri wa Southampton za kati ya Novemba 1957 na miaka michache iliyofuata ziachwe nzima. Stempu iliyobanduliwa ina mistari, na ni nzuri. Lakini bahasha nzima ina stempu, mhuri wa mji wa majaribio, tarehe, na alama za mashine yenyewe. Mistari ya nyuma hutaiona, ni kweli, na hilo linaudhi. Lakini ukiibandua ili kuiona utakuwa umeitenga stempu na mhuri unaoeleza ni kwa nini mistari hiyo ipo.

BintiMakorora, Tanga

Nimewasikia nyote, na nawashukuru kwa muda mlionipa. Sitabandua kitu. Za Kanada nimezipata tatu, na zimekwisha kupata vifuko vyao jana jioni. Bati limekaguliwa, lina kutu kwenye pembe moja, na bahasha zimehamia katika kasha la karatasi.

Nimezitazama bahasha za ami moja moja. Nne zina mhuri wa Southampton unaosomeka, na ya mapema zaidi ni ya Machi 1958. Kisha nimelirudia daftari la baba kwenye ule ukurasa ambapo stempu ya peni 2 ilikuwa imebandikwa. Chini ya kila stempu aliandika kwa penseli siku ilipofika, na kwa nyingine zote aliandika pia neno "barua". Chini ya ile yenye mstari mmoja ameandika "gazeti".

Mzee Hamadi, Leicester

Iache stempu hiyo palepale, binti yangu, na ukurasa wake uutunze pamoja nayo.